HENOKO HAKUFICHWA, ALITUNZWA HAPA AFRIKA

Neno la leo ni Yuda 14–15 na 2 Timotheo 2:15.

Mpendwa, kuna video zinazozunguka kwenye simu za vijana wetu hapa Rodi Kopany. Zinadai kuna kitabu cha Henoko ambacho wazungu walikificha ili wewe usijue siri za malaika na majitu. Kijana anamaliza bando akitazama, kisha anaacha ibada akisema Biblia tuliyo nayo ni ya uongo. Mama yake analia kila Jumapili. Kwa sababu ya mama huyo, leo nakuletea historia.

Fungua Yuda. Anataja unabii wa Henoko, mtu wa saba tangu Adamu. Unabii huo umo katika kitabu ambacho Wayahudi wa kale waliandika kabla ya Kristo kuzaliwa. Miaka ya 1950, vipande vyake vya Kiaramu vilipatikana katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Lakini hivyo ni vipande tu. Kitabu kizima kilibaki katika lugha moja pekee duniani: Ge'ez, lugha ya ibada ya kanisa la Ethiopia.

Sasa niambie, nani alikificha? Watawa wa Ethiopia walikinakili kwa mkono juu ya ngozi, kizazi baada ya kizazi, na mpaka leo kimo katika Biblia ya kanisa lao. Ulaya ndiyo iliyokipoteza, hadi msafiri Mskoti, James Bruce, aliporudi na nakala zake mwaka wa 1773.

Hebu nikujulishe kwa msomi mmoja. Ephraim Isaac alizaliwa mwaka wa 1936 huko Nejo, magharibi mwa Ethiopia. Baba yake alikuwa Myahudi kutoka Yemen, mama yake Mworomo. Alikwenda Marekani kusoma, akapata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1969, akafundisha hapo. Mwaka wa 1983 ilichapishwa tafsiri yake ya Kitabu cha Henoko kutoka Ge'ez hadi Kiingereza. Wanaosoma historia ya Wayahudi wa kale wanaitumia hadi leo.

Nakala aliyoitegemea hasa iliandikwa karne ya 15, na ilitunzwa katika monasteri ya kisiwa cha Kebran, ndani ya Ziwa Tana. Wewe unayejua Rusinga na Mfangano, unaelewa kisiwa ni nini. Nile ya Buluu inatoka Ziwa Tana, Nile Nyeupe inatoka Nam Lolwe yetu, na zinakutana Khartoum. Hazina hiyo ilikuwa kwa jirani!

Lakini sikia, mpendwa, kilichonigusa zaidi. Mtu huyu aliyejua maandiko ambayo wachache duniani wanaweza kuyasoma hakuyatumia kujivuna. Miaka ya 1960 aliongoza kampeni ya kuwafundisha Waethiopia wa kawaida kusoma na kuandika. Na baada ya uchaguzi wa 2005 kuleta umwagaji damu na viongozi wa upinzani kutupwa gerezani, yeye na wazee wenzake walikwenda huku na huku kupatanisha, hadi viongozi hao wakasamehewa na kuachiliwa Julai 2007. Miezi mitano baadaye sisi Wakenya tuliingia katika moto wetu wenyewe. Unakumbuka. Tulikuwa na wajuzi wengi wa maneno, wapatanishi wakawa haba.

Yeye ni Myahudi, si Mpentekoste. Hata hivyo Yesu alisema heri wapatanishi, na matunda tunayaona.

Basi wewe kijana, nakuuliza kwa upendo: ujuzi ulioupata kwenye video umekufanya umtumikie nani? Umemsomea nani barua? Umepatanisha ndugu gani waliogombania shamba?

Kuhusu kitabu chenyewe, usiogope kukisoma. Ila jua kwamba Yuda kukitaja hakukifanyi kiwe sawa na Maandiko yetu. Paulo naye alitaja washairi wa Kiyunani kule Athene, Matendo 17:28, na hatujawaweka ndani ya Biblia. Pima yote kwa Neno.

Na wewe mzazi, usimfukuze mtoto anayeuliza maswali. Kaa naye, mfungue Yuda pamoja. Mpeleke shule, msichana na mvulana sawasawa. Kitabu kile kilisalia kwa sababu kulikuwa na Waafrika waliojua kusoma na kuandika, wakakubali kuinama juu ya ngozi bila majina yao kujulikana.

TUOMBE: Baba, Nyasaye wetu, tupe watoto wanaolitumia Neno lako kwa halali. Utuondolee kiburi cha ujuzi, utufanye wapatanishi katika nyumba zetu na katika nchi yetu. Kwa jina la Yesu.

Ukikubaliana nami, andika AMINA, kisha mtumie kijana mmoja.