Kuacha Kazi: Ghazali, Tao na Arjuna

Mwaka 1095 mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali alikuwa akifundisha katika Madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, nafasi iliyotamaniwa na wanazuoni wa zama zake. Katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal anasimulia kwamba alipoipima nia yake aliona anasomesha kwa ajili ya jina na cheo. Akasitasita karibu miezi sita, hata ulimi ukagoma mbele ya wanafunzi. Mwishowe akagawa mali yake, akabakiza ya kujikimu na riziki ya watoto, akashika njia ya Dameski.

Karibu karne saba kabla yake, mwaka 405, mshairi wa China Tao Yuanming aliuacha ukuu wa wilaya ya Pengze baada ya siku zipatazo 80. Mapokeo yanasema alikataa kumwinamia mkaguzi kwa sababu ya mshahara wa mchele. Akarudi kulima, wala hakushika tena kazi ya serikali, ingawa ufukara ulimwandama yeye na wanawe.

Bhagavad Gita, maandiko matakatifu ya Kihindu, inafundisha vingine. Arjuna, mpiga upinde hodari, anaweka silaha chini katika uwanja wa vita wa Kurukshetra kwa huzuni, maana anaokabiliana nao ni jamaa na walimu wake. Krishna, mungu anayemwendeshea gari la vita, anamhimiza atimize wajibu wake pasipo kuyang'ang'ania matunda yake. Huzuni peke yake haimpi ruhusa ya kuondoka.

Wengi wetu tumelelewa karibu na fundisho hilo: mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo naiheshimu, lakini inamfaa anayevumilia uzito wa kazi. Muuguzi aliyechoshwa na zamu za usiku anahitaji mapumziko na wenzake wa kutosha wodini. Mhasibu anayeshurutishwa kughushi hesabu hana mbivu ya kungojea. Kila mwezi anaobaki unamla utu wake.

Ndiyo maana Ghazali ananishawishi kuliko Tao. Aliwawekea watoto riziki kabla ya kuondoka, na mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii Nishapur, akisema nia yake imebadilika. Ualimu wenyewe hakuutupa.

Basi mwenye ujuzi asiye na furaha aulize kwanza: kazi hii inanichosha au inaniharibu? Ikimchosha, adai masharti bora. Ikimharibu, awapangie wanaomtegemea, kisha aondoke na ujuzi wake, kwani wapo wanaouhitaji kwingine.