Kazi za Viziwi, Kazi za Vipofu

Mwaka 1990, nikiwa kidato cha nne, mwalimu wa ushauri nasaha alituita mmoja mmoja katika chumba kidogo kando ya maktaba. Mezani palikuwa na kitabu cha kozi za vyuo vikuu, rundo la fomu na kalamu mbili zilizofungwa kwa uzi ili tusiondoke nazo. Akaniuliza, "Unataka kuwa nani?" Nikasema daktari, maana kila mtu alikuwa akisema daktari. Akatazama alama zangu za kemia, akacheka, kisha tukazungumza karibu nusu saa kuhusu ualimu. Nilitoka nimeudhika. Leo mimi ni mwalimu, na sijutii.

Dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka mitano, hakuwahi kuingia katika chumba kama hicho. Homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya masikio akiwa na miaka sita, na akapelekwa shule ya bweni ya viziwi, safari ya siku nzima kutoka kwetu Nyamira. Alipomaliza darasa la saba mwaka 1984, barua ilifika nyumbani ikisema amepata nafasi ya kujifunza ushonaji. Hakuna mtu aliyekuwa ameomba nafasi hiyo. Baba aliisoma barua mara mbili, akashukuru Mungu, akaenda kuuza ndama ili apate nauli na karo.

Kwa miaka mingi nilidhani hayo yalikuwa mambo ya nyumba yetu tu. Baadaye, nilipopewa darasa lenye watoto wenye mahitaji maalum na kuanza kusoma historia ya elimu yao, nikagundua kwamba barua ile ilikuwa imeanza kuandikwa kabla dada hajazaliwa.

Elimu ya aina hii nchini Kenya ilianza na wasioona. Jeshi la Wokovu lilianzisha kazi yake Thika mwaka 1946, vita vya pili vya dunia vikiwa vimekwisha na baadhi ya askari wamerudi bila macho. Mwaka 1958 Machakos ikapata chuo cha kuwafundisha wasioona kazi za mikono. Shule za kwanza za viziwi zilifuata, ikiwemo Nyang'oma, upande wa Bondo, na Mumias, zote mbili mwaka 1961. Kila aina ya ulemavu ikawa na kazi zake. Asiyeona alisuka vikapu, mikeka na viti. Kiziwi alipewa useremala, ushonaji au kazi ya ngozi. Nimesikia mara nyingi ikielezwa kwamba karakana inamfaa kwa sababu kelele za mashine hazimsumbui. Mlemavu wa miguu alishona viatu. Lugha yetu nayo ilikuwa imekwisha kuwapanga kwenye ngeli moja na bidhaa zao: kipofu, kiziwi, kiwete, kiti, kikapu.

Baada ya uhuru, serikali iliunda kamati chini ya Eliud Ngala Mwendwa kuchunguza matunzo ya walemavu. Kazi ya kamati hiyo ya 1964 ilizaa waraka rasmi wa serikali namba 5 wa mwaka 1968, na kutokana na waraka huo vikaja vituo vya ufundi katika sehemu mbalimbali za nchi: Bura, Embu, Machakos, Kericho, Kakamega na kwingineko. Kisii nayo ilipata chake, enzi hizo Kisii na Nyamira zikiwa bado wilaya moja. Vituo hivyo viliitwa vya urekebishaji. Neno hilo hilo tulilitumia kwa shule za watoto watukutu waliopelekwa na mahakama, na sijui kama kuna aliyejiuliza mtoto aliyeugua homa alikuwa na kosa gani la kurekebishwa.

Jambo linalonikera zaidi ni miaka yenyewe. Mwaka 1971 Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha, na shule za sekondari zikaanza kuwa na mwalimu wa kuwaeleza wanafunzi kuhusu kazi na masomo ya mbele. Ni mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya sabini ambapo vituo vya urekebishaji vilikuwa vikijengwa, lakini hivyo vilikuwa chini ya wizara iliyoshughulikia huduma za jamii. Kwa hiyo mtoto asiye na ulemavu aliulizwa maswali na watu wa elimu, na mwenye ulemavu akapokelewa na watu wa misaada. Wizara mbili, milango miwili, na sioni kwamba kuna aliyekusudia ubaya. Ndivyo mafaili yalivyogawanywa tu.

Nisiwaonee waliopanga hayo. Swali lao lilikuwa "huyu atakula nini?" na katika Gusii hilo ni swali zito. Mashamba yetu ni madogo, yamekatwakatwa toka kwa babu hadi mjukuu mpaka mengine huwezi kugeuzia ng'ombe. Shamba lilikuwa la wavulana. Msichana alitarajiwa kuolewa, na msichana kiziwi watu walisema wazi kwamba hataolewa. Baba alipouza ndama yule, alikuwa akimnunulia binti yake shamba la aina yake. Cherehani ilikuwa urithi. Nimechelewa kulielewa hilo. Nilipokuwa kijana nilimlaumu sana.

Ila dada alikuwa na kichwa cha hesabu. Baba alikuwa mkulima wa majani chai, na kila jioni alileta kutoka kituo cha kununulia chai karatasi yenye kilo zilizopimwa. Likizoni dada ndiye aliyezijumlisha. Mara mbili alimwonyesha baba kwamba karani amekosea, na mara zote mbili baba alirudi kituoni akarekebishiwa. Kijijini walilizungumza hilo kama maajabu, jinsi wanavyozungumzia mbuzi aliyezaa watatu. Hakuna aliyesema: basi huyu awe karani.

Shuleni kwenyewe walimu hawangeweza kumuuliza hata wangetaka. Hadi katikati ya miaka ya themanini, shule nyingi za viziwi zilifundisha kwa kusoma midomo, na ishara za mikono zilipigwa marufuku darasani. Hebu jaribu mbele ya kioo kusema "baba" na "mama" bila sauti. Midomo inafanya kitu kimoja. Kwetu mambo yalizidi kuchanganyika, kwa sababu katika Ekegusii baba ni mama mzazi, na tata ndiye baba. Dada alipoteza kusikia akiwa tayari anaijua Ekegusii, kisha akaenda kufundishwa Kiswahili na Kiingereza kwa midomo ya watu asiowajua. Mtoto anayepigania kutofautisha baba na mama utamwuliza vipi ndoto zake?

Wasioona walitangulia kidogo hapo. Thika ilikuwa na shule ya sekondari yao tangu 1967, na waliopita huko wakawa walimu, wengine wanasheria. Wapo waliokuwa wapokeaji simu maofisini, kazi iliyosifiwa sana, mpaka mitambo mipya ikapunguza haja ya mtu wa kuunganisha laini. Viziwi walingoja sekondari miaka mingi zaidi. Profesa Michael Ndurumo, aliyepoteza usikivu utotoni, ilimbidi asome Marekani hadi shahada ya uzamivu, kisha akarudi kuwa miongoni mwa waliopigania lugha ya ishara iingie madarasani. Nilipomweleza dada habari zake, aliuliza kama huyo profesa alijua kushona.

Mwaka 1984, mwaka uleule wa barua yetu, vituo vya kupima watoto vilianzishwa kwa msaada wa Denmark, na mwaka 1986 ikaja taasisi ya kufundisha walimu wa elimu maalum, KISE. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Watoto waliokuwa wamefichwa vyumbani walianza kutolewa nje na kupimwa masikio, macho na uelewa. Nimekaa kwenye meza za upimaji mara nyingi. Fomu inauliza ujauzito ulikuwaje, mtoto alianza kutembea lini, aliugua nini, anaona herufi za ukubwa gani. Mwisho wake ni pendekezo la shule. Ni fomu nzuri, na mzazi akiondoka nayo ana kitu mkononi. Lakini inamhusu mtoto wa jana na wa leo. Kuhusu mtu mzima atakayekuwa haisemi kitu, na hakuna fomu nyingine inayokuja kuijazia.

Dada alimaliza mafunzo mwaka 1986, akarudi na cherehani ya miguu na cheti. Kwa miaka michache mambo yalikuwa mazuri. Alishona sare za shule, magauni ya kwaya, suruali za wazee. Kisha mwanzoni mwa miaka ya tisini soko la nchi likafunguliwa na mitumba ikamiminika. Ukifika Daraja Mbili, mjini Kisii, siku ya soko, ulikuta gauni la Ulaya kwa bei ambayo dada asingeweza kununulia hata kitambaa. Mafundi wenye masikio walikimbia. Huyu akaingia biashara ya ndizi, yule akawa utingo wa matatu. Dada alibaki na sare za Januari. Kazi ikifa, fundi mwingine hutafuta nyingine. Aliyeambiwa kwamba hiyo ndiyo kazi ya watu wa aina yake hukaa nayo.

Sheria zilikuja. Ile ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 ilizungumzia kutengewa asilimia 5 ya nafasi za kazi za muda na za mkataba. Katiba ya 2010 ikaongeza uzito, na ikaitaja lugha ya ishara. Ipo pia hazina ya kuwapa watu vifaa vya kazi. Ukiona picha za sherehe za kugawa vifaa hivyo, hutakosa cherehani zimepangwa mstari mbele ya jukwaa, mpya, zinang'aa, na kiongozi akipiga makofi.

Sasa tuna mtaala wa umilisi. Wanafunzi walioingia kidato kipya, gredi ya kumi, Januari 2026, walichagua kati ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Nyumba nyingi za Kisii na Nyamira zilipigana kweli kweli juu ya uchaguzi huo. Kwa watoto ambao ulemavu wao hauwaruhusu kufuata njia hiyo, hasa wenye ulemavu wa akili, kuna njia ya hatua: msingi, kati, maandalizi ya ufundi, ufundi. Mimi naiunga mkono, kwa sababu kabla yake walirudia darasa moja mpaka wakaota ndevu. Ila nikitembelea darasa la maandalizi ya ufundi nakuta shanga, mikeka, sabuni ya maji na kuku. Mwaka jana nilimwona kijana mmoja aliyekuwa akitunga shanga bila kuzitazama. Alikuwa akichungulia dirishani, anahesabu magari yanayopita barabarani na kutaja aina ya kila moja. Nilimwambia mwalimu wake kuna gereji hatua chache kutoka langoni. Akasema amewahi kulifikiria, lakini gereji haimo kwenye orodha ya vifaa vya shule. Tulikwenda pamoja kuonana na fundi. Alituuliza kama kijana huwa anauma watu. Tukasema hapana. Akasema aje Jumatatu, saa mbili, na viatu vilivyofunika vidole. Bado anakwenda.

Dada ana kibanda Keroka, mji ambao mpaka wa kaunti zetu mbili umeupasua katikati. Tangu 2012 yeye ni wakala wa M-Pesa. Ujumbe ukifika anausoma, anaandika kwenye daftari, anahesabu noti. Wateja wake wamezoea kumwandikia au kuonyesha vidole. Cherehani iko pale pale, imefunikwa kitambaa, na juu yake huweka daftari. Desemba iliyopita nilikaa naye mchana mzima, na soko lilipotulia nikamwuliza kwa ishara zangu mbovu: enzi zile, kama wangekuuliza, ungesema unataka kuwa nani?

Alinitazama kidogo, akachukua kalamu akaandika pembeni mwa daftari: karani wa benki. Kisha akaongeza chini yake: wanalipwa ngapi siku hizi? Nikaandika kiasi nilichodhani. Akapiga hesabu zake hapo hapo, faida ya mwezi akatoa kodi ya kibanda, akanionyesha kwamba anamzidi karani. Mama mmoja akafika kutoa shilingi 500, na dada akamsogezea daftari aweke sahihi.