Fundi wa kidimbwi cha kuogelea na dhima yake kisheria

KWA wakazi wa Kisegi na vijiji vilivyo upande wa Ziwa Victoria katika kaunti za Homa Bay na Migori, kuogelea ni ziwani. Hata hivyo, baadhi ya hoteli za kitalii kandokando ya ziwa hilo na visiwani zina vidimbwi, na kila kidimbwi kinahitaji fundi wa kusafisha maji, kutia dawa na kukarabati pampu. Kazi hiyo huonekana nyepesi, ilhali fundi huweza kubeba dhima nzito bila kujua.

Chini ya Sheria ya Dhima ya Wamiliki wa Majengo (Sura ya 34), mwenye hoteli ana wajibu wa kuhakikisha kuwa mgeni yuko salama, na sheria humtaka atarajie kwamba watoto hawana hadhari kama watu wazima. Lakini akithibitisha kwamba alimkabidhi kazi mkandarasi mwenye ujuzi, na kwamba alichukua hatua zifaazo kuhakikisha kazi imefanywa sawasawa, anaweza kujinasua. Hapo lawama humwangukia fundi. Mwathiriwa ana muda wa miaka mitatu kumshtaki kwa uzembe, na mkataba kati ya fundi na hoteli haumfungi mgeni ambaye hakuutia saini.

Hatari yenyewe ni ya kweli. Klorini ikichanganywa na asidi hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu. Aina mbili tofauti za klorini zikichanganywa zikiwa kavu huweza kulipuka. Ndiyo maana dawa hutiwa ndani ya maji, wala si maji ndani ya dawa. Pampu isiyo na waya wa ardhi huweza kupitisha umeme majini.

Mrija wa kufyonza maji nao huua. Mnamo Juni 2002 nchini Marekani, Virginia Graeme Baker, msichana wa miaka saba na mjukuu wa aliyekuwa waziri wa mashauri ya kigeni James Baker, alinaswa na mrija huo katika kidimbwi cha maji moto akafa maji. Desemba 2007, sheria yenye jina lake ilipitishwa, ikilazimu vidimbwi vya umma kuwekwa vifuniko vya kuzuia ajali hiyo.

Fundi mwenyewe akiumia, swali la kwanza ni iwapo aliajiriwa. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliidhinisha Desemba 2019, humlinda mwajiriwa na kumtaka mwajiri amkatie bima. Mkandarasi anayejitegemea hana kinga hiyo. Zaidi ya hayo, akiajiri msaidizi, yeye ndiye huwa mwajiri.

Kwa hivyo, inafaa fundi awe na mkataba ulioandikwa unaotaja kazi aliyokabidhiwa na ile isiyo yake, bima ya dhima kwa umma, na daftari la kila ziara: tarehe, kiwango cha klorini na asidi majini, dawa aliyotia na kasoro alizoona. Akikuta kifuniko kimevunjika, amjulishe mwenye hoteli kwa maandishi na kushauri kidimbwi kifungwe. Mbele ya hakimu, onyo la mdomo ni vigumu kulithibitisha.