Wageni Waliofundishwa Kulima

Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno la kweli. Lakini mgeni akipewa jembe katika inchi asiyoijua, atapanda nini, na mwezi gani? Sikilizeni habari ya Waingereza waliohamia Amerika mwaka wa 1620.

Walivuka bahari katika merikebu iitwayo Mayflower, abiria 102. Mwezi wa Desemba walianza kujenga Plymouth, katika Massachusetts ya leo. Umbali wa mahali pale toka ikweta ni sawa na ule wa Roma. Uingereza iko kaskazini zaidi. Mtu angedhani baridi yake ni ndogo kuliko ya Uingereza. Sivyo. Uingereza hupata upepo wa bahari yenye joto kidogo, lakini Plymouth hupata upepo utokao bara: wakati wa baridi ni mkali sana, na wakati wa jua joto lake huunguza. Kabla baridi ile haijaisha, karibu nusu ya wageni walikuwa wamekufa kwa maradhi na taabu.

Mwezi wa Machi 1621 aliwafikia mtu wa kabila la Wawampanoag, jina lake Tisquantum, naye alijua Kiingereza. Alikijuaje? Mwaka wa 1614 nahodha Mwingereza, Thomas Hunt, alimkamata kwa hila pamoja na wenzake, akawapeleka Málaga, Hispania, awauze utumwani. Watawa wa pale waliwachukua baadhi yao wasiuzwe. Baadaye Tisquantum alifika London, na mwaka wa 1619 akarudi kwao. Hakukuta mtu. Ugonjwa ulikuwa umemaliza kijiji chake, Patuxet. Na Plymouth ilijengwa juu ya mashamba ya kijiji kile kile.

Mtu huyo ndiye aliyewafundisha. Aliwaonyesha namna ya kupanda mahindi, ambayo hawakuyalima kwao. Aliwaambia kwamba udongo ule uliochoka hautazaa wasipotia samaki ndani yake, tena kwamba katikati ya Aprili samaki watapanda kijito kwa wingi. Mbegu walikuwa nayo, lakini waliifukua katika akiba za wenyeji bila ruhusa, wakailipa baadaye.

Walilima kwa mikono, maana ng'ombe wa kwanza walifika mwaka wa 1624. Mahindi walipanda hektari 8 hivi. Shayiri na njegere za kwao, kama hektari 2 na nusu. Mahindi yalizaa vema. Shayiri ilizaa kiasi. Njegere zilichelewa kupandwa: zilitoa maua mazuri, kisha jua likazikausha.

Tisquantum alifariki mwaka wa 1622, lakini mashamba yakaendelea kwa mafundisho yake.

Nasi tunaokula bukari tukumbuke kwamba mahindi yalitoka Amerika, na babu zetu pia walilazimika kujifunza kuyalima. Hata leo mtu wa Uvira akihamia milimani, ataona muhogo aliouzoea kando ya ziwa unakawia sana kwa sababu ya baridi. Afanye nini? Asiione aibu kumwuliza jirani: Ndugu, ninyi hapa mnapanda nini, na lini? Waingereza wale walifundishwa na mtu aliyetendewa ubaya na mwenzao. Wangalimdharau, wangalikufa njaa.