Kutoka Chemchemi Hadi Kikombe: Maji ya Busia na Tororo

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Ukisimama penye foleni ya malori, upande huu ni Kenya, ule ni Uganda, na mama wa samaki anavuka mara nne kwa siku bila hata kuhesabu. Panda kaskazini kidogo unafika Malaba, kisha Tororo na lile jiwe lake linaloonekana kutoka mbali. Wasamia, Wateso, Wajopadhola, Waluhya wa kila aina, wote wamezoea maji ya namna moja: chemchemi ya bondeni, kisima kifupi nyuma ya nyumba, na mto pale vyote viwili vikikauka. Sisi Wakenya tuliovuka mpaka huo mwanzoni mwa 2008 tuliyanywa pia. Lakini siyo hilo tu linalonifanya niandike. Yaliyogunduliwa kwenye vijiji vile kuhusu maji yanahusu kila jerikeni inayobebwa hapa kwetu kambini.

Zamani, kutambua maji mabaya ilikuwa kazi ya macho, pua na ulimi. Maji maangavu, baridi, yasiyo na harufu, hayo ndiyo mazuri. Wazee hawakuwa wajinga. Nilikulia na sheria zao: usichote mvua ikitoka tu kunyesha, usiruhusu ng'ombe karibu na jicho la chemchemi, ondoa majani yaliyooza kabla ya kutumbukiza chombo. Sheria hizo zina akili hata leo, maana maji ya mvua ndiyo yanayosomba kinyesi kutoka shambani hadi kwenye chemchemi. Kisima cha nyumbani nacho kina dalili zake. Maji yakibadilika rangi kila baada ya mvua, ujue kuna njia ya juu inayoingiza uchafu. Choo kikiwa mlimani na kisima chini yake, au vikiwa vimeachana chini ya mita 30, kuna shida. Kisima kisicho na ukingo, chenye kamba inayolala matopeni kisha inarudishwa ndani na ndoo yake, hicho hakihitaji daktari kukisemea.

Tatizo ni kwamba maji yanaweza kupita mitihani hiyo yote na bado yakamwangusha mtoto. Bakteria wa kinyesi haonekani, hanuki, hana ladha. Ndiyo maana wapimaji hutafuta mmoja anayeitwa E. coli, ambaye kazi yake hapa ni kama ya shahidi: akiwepo, ujue kinyesi kimepita. Wanachukua mililita 100 za maji, wanaziweka kwenye joto kama la mwili kwa siku moja hivi, kisha wanahesabu. Maji ya kunywa yanatakiwa yasiwe na hata mmoja.

Sasa njoo Busia ya Kenya, katikati ya miaka ya 2000. Watafiti wa uchumi, akiwemo Michael Kremer ambaye baadaye, 2019, alipata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, walishirikiana na shirika moja lililokuwa likijenga chemchemi za kijiji. Kujenga maana yake ni kuzungushia jicho la maji saruji na mawe, kulifunika, na kuyatoa maji kwa bomba ili mtu asikanyage ndani. Chemchemi zilikuwa karibu 200. Kura ikaamua zipi zijengwe kwanza, zipi zingoje, ili ziweze kulinganishwa. Matokeo yalichapishwa 2011. Kwenye chemchemi yenyewe, E. coli walipungua kwa asilimia 66. Nyumbani, kwenye maji yale yale yaliyochotwa pale, walipungua kwa asilimia 24 tu.

Soma tena hesabu hiyo. Kuhara kwa watoto kulipungua kwa karibu robo, na hilo si jambo dogo, sisemi chemchemi zisijengwe. Lakini sehemu kubwa ya faida ilipotea kabla ya maji kufika mdomoni. Nyumba nyingine zilichota pia kwingine. Na kuna jerikeni ambayo haijasuguliwa ndani tangu inunuliwe, kuna chungu kisicho na kifuniko, kuna kata inayoshikwa na kila mkono, ukiwemo wa mtoto aliyetoka chooni sasa hivi. Mama aliyeamka alfajiri kufuata maji safi alikuwa amefanya sehemu yake yote, na njia bado ikamwibia.

Huko Tororo kulikuwa na utafiti mwingine, uliochapishwa 2005, juu ya watu wanaoishi na VVU vijijini. Wao hawakugusa visima. Walipeleka nyumbani chombo chenye kifuniko na bomba dogo, pamoja na klorini ya kutia ndani na mafunzo ya usafi. Vipindi vya kuhara kwa watu hao vilipungua kwa asilimia 25. Yaani karibu faida ile ile iliyopatikana Busia kwa mawe na saruji, Tororo ilipatikana kwa ndoo na chupa ya dawa.

Basi kwa nini kila mtu asinunue chupa? WaterGuard ilianza kuuzwa Kenya 2003, na bei yake haikuwa ya kutisha. Ilitangazwa sana. Pamoja na hayo, vijijini Busia nyumba zilizotia dawa hazikufika moja kati ya kumi. Watu walikuwa na sababu zao: inanuka, inaharibu ladha ya chai, imeisha na duka liko mbali. Na chungu, ambacho wengi wetu tunakipenda kwa kupoza maji, hula klorini haraka kuliko plastiki. Huko Nyanza wafinyanzi walishirikishwa kutengeneza chungu chenye mdomo mwembamba na bomba ili mkono usiingie. Mimi naona hiyo ni busara kuliko kuwaambia watu watupe vyungu vyao.

Jibu lililokuja Busia kuanzia 2007 lilikuwa la kushangaza kwa urahisi wake. Tangi dogo la klorini likafungwa juu ya nguzo palepale penye maji, bure. Unaweka jerikeni chini yake, unazungusha, inadondoka dawa ya kutosha lita 20, halafu unajaza maji. Ukifika nyumbani yamekwisha kuchanganyika kwa kutikisika njiani, na nusu saa ikipita unakunywa. Anayejaza tangi ni mwanakijiji aliyechaguliwa na wenzake. Waliotumia wakafika nusu ya nyumba na kuzidi. Nadhani siri haikuwa bei peke yake: pale kisimani majirani wanakuona, na dawa iko mbele yako wakati huohuo unaohitaji kuikumbuka. Baadaye matangi hayo yalivuka mpaka, hadi vijiji vya Tororo.

Nilivyotaja 2008, wengine wetu tulipitia kituo cha Mulanda, wilaya hiyohiyo ya Tororo, kabla ya kuletwa Kiryandongo. Pale watu walisifu maji ya pampu, ile ambayo wenyeji wengine wanaiita nayikondo, kisha wakayahifadhi kwenye beseni wazi ndani ya hema. Sikumbuki mtu yeyote, wetu wala wa shirika, akiuliza kuhusu beseni.

Na si kwamba elimu hiyo haikuwepo. Mwaka 1993, kwenye kambi ya Nyaminthuthu nchini Malawi, wakimbizi wa Msumbiji walipewa ndoo zenye kifuniko kisichoruhusu mkono. Uchafu wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 69, na kuhara kwa watoto wadogo kwa 31. Kisha utafiti wa kambi za Maban, Sudan Kusini, uliochapishwa 2015, ukaonyesha kwamba kile kiwango cha kawaida cha klorini bombani, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, hakitoshi kuyalinda maji hadi yanywewe nyumbani.

Haki yake nayo niseme: jaribio kubwa la Bungoma, Kakamega na Vihiga, lililochapishwa 2018, halikuona kuhara kukipungua kwa kutibu maji. Klorini haiui kila kitu, na maji ya tope huimaliza kabla haijafanya kazi. Hayo yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, au kama kuni zipo yachemshe mpaka yatokote.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma gazeti hili, kile kipimo chenye kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi mnakitumia bombani asubuhi. Njooni nacho saa moja jioni, mtiliwe maji kutoka chombo kilicho pembeni mwa kitanda, kikombe kilekile anachonywea mtoto, na muandike rangi mtakayoiona hapo.