Sheria mbili za mwaka 1919 juu ya pombe kali



Mara nyingi, baada ya misa ya Jumapili, tunawasikia wazee wakibishana mbele ya kanisa. Mmoja husema: «Serkali ikataze lutuku, na ulevi utakwisha.» Mwingine humjibu: «Lutuku ilikatazwa kabla wewe hujazaliwa, mbona bado inapikwa?» Wote wawili wana neno la kweli. Kwa hiyo leo yafaa tutazame historia kidogo. Mwaka 1919 Ubelgiji ulipata sheria ya pombe kali, na Kongo, iliyotawaliwa nao hadi 1960, ikapata ya kwake siku 12 tu baadaye. Tukizilinganisha sheria hizo mbili, tutafahamu vema zaidi taabu inayotusumbua leo mitaani kwetu.

Kwanza tujue mambo yalivyokuwa zamani. Babu zetu walikuwa na pombe ya ndizi, ya mtama na ya mahindi, na tembo ya mawese. Walilewa pia, tusijidanganye. Lakini pombe hiyo haikai siku nyingi, na nguvu yake si kubwa. Wafanya biashara wa Ulaya walileta kitu kingine: jini na vileo vingine vya kutoneshwa kwa moto, vilivyopakiwa melini Hamburg na Rotterdam. Pwani ya magharibi ya Afrika, hata kwenye mlango wa mto Kongo, chupa ya jini ilikuwa kama feza: ilinunua mafuta ya mawese, tena ililipa watu wa kazi. Mtu alifanya kazi, akarudi nyumbani na kichwa kizito na mikono mitupu.

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Kutoka hapo mataifa 17 yakakutana Bruseli, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia sahihi mapatano. Watu wengi wanajua kwamba mapatano yale yalihusu utumwa. Wachache wanajua kwamba sura ya 6 ilihusu vileo vikali. Ilisema hivi: katika Afrika, tangu digrii 20 kaskazini ya ikweta hata digrii 22 kusini, mahali ambapo vileo hivyo havijafika visiingie kamwe, na mahali vilipokwisha kufika vitozwe ushuru. Ushuru wenyewe ulianza kwa kima cha chini cha franka 15 kwa litri 100. Mwaka 1899 ulipandishwa kuwa franka 70, na mwaka 1906 kuwa franka 100.

Tusikatae wema wa mapatano hayo. Sehemu kubwa ya nchi yetu haikuona mafuriko ya jini yaliyoharibu pwani. Lakini humo mlikuwa na ufa, nao tutauona karibuni.

Sasa twende Ubelgiji. Zamani hizo wafanya kazi wa migodi na viwanda walikuwa wakinywa sana pombe kali inayoitwa jenever. Sababu moja tuiangalie sana. Mahali pengi mshahara ulilipwa ndani ya nyumba ya pombe, na mara nyingine mwenye nyumba ile ndiye nyapara mwenyewe. Mfanya kazi alijua kwamba asipokunywa, kesho hatapata kazi. Mke alingoja nyumbani na watoto, na franka zilibaki mezani mwa nyapara. Mwaka 1886 wafanya kazi waliinuka kwa fujo kubwa. Serkali ikashituka, na tarehe 16 Agosti 1887 zikatoka sheria mbili siku moja: moja ya kuazibu ulevi wa hadharani, na nyingine ya kulinda mshahara, iliyokataza kuulipa katika nyumba za pombe. Kwa maoni yetu, ile ya pili ilikuwa na akili kuliko ya kwanza. Ya kwanza ilimshika mlevi alipokwisha kuanguka. Ya pili ilimwondolea shimo njiani.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia waziri wa haki alikuwa Émile Vandervelde. Bwana huyu alikuwa msosialisti, hakuwa mtu wa Kanisa. Lakini Kongo yafaa imkumbuke: mwaka 1909 alikuja Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kumtetea barazani William Sheppard, misionari mweusi wa Marekani, aliyeshitakiwa kwa sababu ya kuandika mabaya waliyotendewa watu wa Kasai. Sheppard akashinda. Vandervelde alichukia ulevi kwa kuwa aliona unavyowafanya maskini kuwa watumwa. Tarehe 29 Agosti 1919 sheria yake ikatoka. Ilikataza kuuza pombe kali ya kunywewa papo hapo katika nyumba za pombe. Na dukani mtu hakuruhusiwa kununua kiasi kilicho chini ya litri 2 kwa mara moja. Kwa nini litri 2? Maana bei yake ilikuwa kubwa, hata mfanya kazi asiweze kuitoa kwa urahisi katika mshahara wake wa juma.

Siku 12 baadaye, tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye karibu na Paris, mataifa yalitia sahihi mapatano mapya kwa ajili ya Afrika. Haya yalikuwa makali kuliko yale ya 1890. Yalikataza vileo vikali vya biashara. Yalikataza kutonesha pombe kali ndani ya nchi, hata kuwa na mtambo wa kuitonesha. Lakini ule ufa ulibaki, tena ulipanuka: watu wasio wenyeji waliweza kuletewa pombe yao kwa kiasi. Maana yake, chupa ileile ilikuwa kosa mikononi mwa Mwafrika, na ilikuwa halali mezani mwa Mzungu.

Wasomaji, je, matunda ya sheria hizo mbili yalikuwa nini?

Ubelgiji, unywaji wa pombe kali ulipungua sana, kwa kuwa pamoja na sheria ushuru pia ulipandishwa. Watu waligeukia bia, na watengeneza bia wakaanza kuipika yenye nguvu zaidi, ili mnywaji asione hasara. Wengine walifungua vyumba vya faragha na kuuza kwa kificho. Tena sheria ile ilikuwa na upendeleo wake: tajiri aliweza kununua litri 2 na kunywa kwake kwa raha, maskini hakuweza. Pole pole watu walikoma kuiheshimu, na mwisho wa 1983 iliondolewa, ikawekwa nyingine ya kumtaka muuzaji awe na ruhusa ya serkali.

Kongo, jini ya meli ilizuiwa kweli. Viwanda vya bia vikajengwa. Kile cha Léopoldville kilianzishwa mwaka 1923, na bia ya Primus ikatoka humo mwaka 1926. Lakini nyuma ya nyumba, usiku, watu walichukua mapipa na mabomba, wakatonesha mahindi na mihogo. Ndiyo lutuku. Kama sheria ingalimwambia kila mtu: «Kitu hiki kinaharibu ini na akili, wewe na mimi tusikinywe,» wengi wangaliisikia. Badala yake watu walielewa hivi: «Kitu hiki ni kizuri, lakini si cha mtu kama wewe.» Basi kuvunja sheria hiyo hakukuwa aibu tena, kwa wengine kulikuwa kama ushujaa. Ukoloni umepita, tofauti ile ya rangi imefutwa, lakini mazoea ya kuiona sheria ya pombe kama mchezo wa paka na panya yamebaki.

Tutoe mfano wa kwetu. Tulipokuwa tukitembelea wagonjwa wa parokia, tulimkuta mama mmoja mjane anatonesha lutuku nyuma ya jiko. Tukamwuliza: «Mama, hujui kwamba kitu hiki kinaua?» Akajibu: «Mwalimu, najua. Lakini minervali ya watoto wanne inatoka katika pipa hili. Na polisi wanapokuja hawalimwagi. Wanachukua fungu lao, wanakwenda, wanarudi juma lijalo.» Tulikosa la kumjibu. Kila juma sheria inapita mlangoni pake, lakini inapita kama mnunuzi asiyelipa.

Na hatari si hadisi. Kuna alkoholi ile ya bia na divai, na kuna nyingine iitwayo metanoli. Hii ya pili hugeuka sumu ndani ya mwili, hupofusha macho, huua. Mnywaji hawezi kuitambua kwa macho wala kwa ladha. Mwezi wa Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale huko Uganda, karibu na mipaka yetu, watu wapatao 80 walikufa kwa kunywa waragi iliyochanganywa na metanoli. Nao Waganda walikuwa na sheria tangu 1965, iliyokataza kutonesha pombe bila ruhusa ya serkali. Sheria ilikuwa imeandikwa; aliyekosekana ni mtu wa kupima pipa. Hata pombe safi ina deni lake: shirika la afya la dunia limehesabu kwamba mwaka 2019 vileo viliua watu milioni 2 na elfu 600 duniani kote. Jirani zetu wamejaribu njia nyingine. Tanzania ilikataza pombe kali ya vifuko vidogo vya plastiki tangu tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Waliona kwamba mtoto wa shule anaweza kununua kifuko kwa senti chache na kukificha mfukoni. Fikra hiyo ni ileile ya litri 2 za Vandervelde: kiasi kidogo cha bei ndogo ndicho kinachomnasa maskini na kijana.

Basi tumalize. Kanisa halikufundisha kamwe kwamba divai ni zambi. Bwana wetu mwenyewe alikuwa arusini Kana. Lakini historia hii yatufundisha mambo matatu. Kwanza, sheria ya pombe iwe moja kwa mkubwa na mdogo. Mwenye cheo anayekunywa whisky barazani hawezi kumhukumu mjane wa lutuku. Pili, ilinde mshahara na kiasi kinachouzwa, isingoje tu kumfunga mlevi. Tatu, anayeitunza asile kwayo.

Na sisi wa parokia tusikae tukiingoja serkali tu. Tangu siku ile, watu wachache wa jumuiya yetu wamekusanya franka kidogo kidogo kumsaidia yule mama aanze kuuza unga na sabuni sokoni. Pipa lake bado halijatoka nyuma ya jiko, tuseme kweli. Lakini sasa anatonesha mara moja kwa juma, wala si mara tatu, na mtoto wake wa kwanza amelipiwa minervali ya muhula huu kwa feza ya unga. Ndugu wasomaji, tazameni katika mitaa yenu: mjane wa namna hiyo hakosi. Kabla ya kumwita polisi, nendeni kwanza kumwuliza watoto wake wanasoma kwa feza gani.