Kipete kwenye shingo ya tangi

Leo naiacha kompyuta kando kidogo, ingawa mkisoma hadi chini mtaona sikwenda mbali sana.

Mjomba wangu anaishi Molo na ana steshenwagoni ya Kijapani ambayo kazi yake ni kubeba viazi, watu wa kanisa na chochote kingine kitakachoingia. Waliofika Molo wanajua: ni juu, ni baridi, mvua hainyeshi kwa ratiba, na ukiacha lami kuelekea Kuresoi unakutana na matope mekundu. Matope hayo yalikuwa yameganda miaka mingi nyuma ya gurudumu la kulia, mahali linapopita bomba la kujazia mafuta, lile linalotoka kwenye kifuniko hadi kwenye tangi. Bomba likala kutu. Kila alipojaza tangi likafurika hadi shingoni, gari zima lilinuka petroli. Akiweka nusu, harufu haipo. Kwa hiyo alizoea kuweka nusu, kama vile sisi waandishi wa programu tunavyozoea kutobonyeza kitufe fulani kwa sababu tunajua kitaangusha kila kitu.

Mkewe alikataa kabisa kupanda gari lile. Nitaeleza sababu baadaye.

Basi tukaenda Nakuru kutafuta bomba jipya. La kampuni yenyewe lilikuwa na bei ya kukatisha tamaa, tukanunua lile la bei nafuu lililotengenezwa na kiwanda kingine. Lilikuwa zuri, limepakwa rangi nyeusi, matundu ya skrubu yanaoana sawasawa. Kitu kimoja tu kilikosekana. Bomba la zamani lilikuwa na kipete cha bati ndani ya mdomo, chenye tundu jembamba na kijimlango cha springi. Jipya lilikuwa wazi, mtu angeweza kuingiza vidole viwili.

Nikamuuliza fundi. "Hicho kilikuwa cha petroli ya risasi," akanijibu. "Risasi iliisha zamani. Cha nini tena?"

Niliporudi nyumbani nikasoma usiku kucha, na fundi alikuwa amesema kweli. Hapa inabidi turudi nyuma miaka mia moja.

Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors huko Marekani, aligundua kwamba ukitia kiasi kidogo cha risasi kwenye petroli (risasi ya madini, si ya bunduki, ingawa kwa madhara yake sioni tofauti kubwa) injini inaacha kugonga. Februari 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa Dayton, Ohio. Mwaka uliofuata wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walikufa baada ya kuvuta mvuke wa kemikali hiyo. Biashara ilisimama kidogo, kisha ikaendelea kwa nusu karne, na watoto wa dunia nzima wakaivuta ile sumu barabarani.

Kilichoitikisa ni kifaa. Marekani ilipobana sheria za moshi, magari ya mwaka 1975 yalikuja na katalitiki konvata, na risasi huifunika platinamu iliyo ndani yake mpaka ikawa haifanyi kazi. Kwa hiyo vituo vya mafuta vikalazimika kuuza petroli za aina mbili, na ile isiyo na risasi ilikuwa ghali zaidi. Utamzuiaje dereva asichague ile ya bei rahisi?

Jibu lao lilinifurahisha sana. Hawakuweka polisi. Waliamua kwamba pua ya pampu ya petroli isiyo na risasi isizidi inchi 0.840, yaani milimita 21.3 hivi, na ile ya risasi isipungue inchi 0.930, yaani milimita 23.6. Kisha kila gari lenye konvata likatiwa kipete ambacho pua nene haipiti. Tofauti ni milimita mbili na kidogo! Kwa wenzangu wa programu: huo ni ukaguzi wa aina ya data, uliofanywa kwa bati. Data isiyofaa haiingii kabisa, huhitaji kumwamini mtumiaji. Na kama kawaida watumiaji wakavunja mfumo. Wengine walitumia faneli, wengine waling'oa kipete kwa bisibisi na nyundo.

Huku kwetu mambo yalikuwa kinyume. Magari yaliyotumika kutoka Japani yaliingia Mombasa na konvata zake, yakakutana na pampu za petroli ya risasi. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta pale Changamwe, kilichoanza kazi 1963 na kuacha kusafisha mafuta ghafi 2013, kilikuwa kikiizalisha. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikaahidi kuachana nayo, mwaka 2002 ukaundwa ushirikiano wa kimataifa uliosimamiwa na UNEP, ambao makao yao makuu yako Gigiri, Nairobi, na kufikia Januari 2006 ukanda wetu ulikuwa umemaliza. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021.

Kwa hiyo nikaafikiana na fundi. Kipete ni masalia, ni mistari ya programu ya mfumo uliokwisha kuzimwa. Tukafunga bomba jipya, tukakaza mikanda ya mipira, harufu ikaisha. Mjomba akajaza tangi kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

Wiki ya tatu, jioni ya mvua, mhudumu wa kituo kimoja cha mafuta (sikitaji) alimwekea dizeli. Kulikuwa na foleni ya malori ya viazi na wote walikuwa na haraka. Gari likaenda kidogo kwa petroli iliyobaki kwenye njia za mafuta, likaanza kukohoa moshi mweupe, likazima njiani kurudi nyumbani.

Hapo ndipo nilipoangalia vipimo tena na kujiona mjinga. Pua ya dizeli kwa kawaida ni milimita 23.6 au zaidi, unene uleule wa ile pua ya zamani ya risasi. Kipete kilipoteza kazi yake ya kwanza, lakini kilikuwa na ya pili ambayo mimi na fundi hatukuiuliza.

Asubuhi tulimwaga ule mchanganyiko uani, kwenye beseni. Akaja kijana wa jirani na mtungi wa lita ishirini, akaomba apewe, ataupatia matumizi. Mjomba, mtu ambaye hajawahi kumnyima mtu kiazi, alimfukuza kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake.

Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan, si mbali na Molo mjini, lori la mafuta lilipinduka kwenye barabara kuu. Watu walikimbia na mitungi, ndoo na sufuria kuchota petroli. Moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki na wengine wengi waliungua. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Mkewe mjomba alikuwa na binamu kule, naye hakurudi. Tangu siku hiyo harufu ya petroli kwake si harufu ya gari bovu.

"Mpwa," mjomba aliniambia baada ya kijana kuondoka, "tafuta lile bomba lenye mlango."

Nililipata Nakuru kwenye spea zilizotumika kutoka Japani, halina kutu, na bei yake haikuzidi sana ile ya jipya. Kabla sijalipa nilitoa kipimo mfukoni, muuzaji akanicheka. Tundu la kipete: milimita 22 na kitu. Tulilifunga Jumamosi, na Jumapili mkewe mjomba alipanda kiti cha mbele, dirisha wazi, hadi kanisani.